Kofia Kwenye Swichi

Katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Kisesa, baba mkwe wangu alilinda mikono yake kwa kofia. Kila pamba ilipokwama na ikambidi kuingiza mikono kati ya misumeno ya mashine, alizima swichi kuu, akavua barakashia yake nyeupe, akaitundika kwenye mkono wa swichi. Kofia ikiwapo, hakuna aliyewasha. Isipokuwapo, mzee ametoka. Wafanyakazi wote waliijua kanuni hiyo na waliiheshimu kwa miaka mingi. Mimi sikuijua, na mimi ndiye niliyeitoa.

Nilikuwa nimeitwa kusanifu lugha ya kanuni za usalama zilizokusudiwa kubandikwa ukutani. Nafundisha Kiswahili chuoni, mjini Mwanza. Mzee mwenyewe ndiye aliyewaambia wakubwa wake kwamba ana mkwe anayechambua maneno kama wao wanavyochambua pamba. Kanuni nilizopewa zilitaja viatu, moto, sigara na vumbi. Hazikutaja kofia.

Asubuhi ile nilifika na karatasi zangu mkobani. Mashine ilikuwa imezimwa, na sikumwona mtu, kwa kuwa mzee alikuwa ameinama upande wa nyuma. Nilichokiona ni barakashia, ambayo mke wangu aliidarizi kwa mkono wake, ikining'inia kwenye chuma chenye grisi, na doa jeusi limekwisha kuingia ukingoni. Sikuwahi kumwona baba mkwe kichwa wazi. Nilifundishwa tangu utotoni kwamba mkwe hangoji kuombwa. Kuiacha kofia pale nilikuona ni utovu wa adabu. Nikaikung'uta, nikaikunja, nikaitia mkobani, nikaelekea ofisini kumtafuta mwenyewe nimkabidhi.

Sikuwa nimefika mlangoni mwa ofisi. Nyuma yangu mwendeshaji wa mashine, mama mmoja mkaazi wa Kirumba, alirudi kazini, akatazama swichi, akaipandisha, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Hakuita kwanza. Kwa miaka yote kofia ndiyo iliyosema, hakuna aliyekuwa na desturi ya kuita. Mashine ikanguruma, kisha nikasikia sauti ya mzee, fupi, kama ya mtu anayemkemea mbuzi.

Kidole cha shahada cha mkono wake wa kulia kilikatika kwenye kiungo cha kwanza. Tulizungukwa na marobota ya pamba hadi darini, wala hatukupata kipande safi cha kumfungia. Mwendeshaji akapasua kanga yake.

Gari lilipokuwa likigeuzwa uani, msimamizi alimgeukia yule mama.

"Una macho au una matobo?"

"Kofia haikuwapo, bosi! Nimeangalia mara mbili."

"Kumbe kofia ina miguu? Imekwenda sokoni Mwaloni kununua dagaa?"

Wawili watatu walicheka, kicheko cha woga.

"Ile kofia nimeitazama kuliko ninavyomtazama mume wangu," alisema. "Haikuwapo. Naapa."

"Kesho usije."

Napenda kuwa sahihi hapa, kwa kuwa ndipo penye aibu yangu. Mkoba ulikuwa begani, nami nilinyamaza. Nilinyamaza hadi gari lilipotoka getini likiwa na mzee, na mama yule akaanza kufungua aproni yake. Ndipo nilipoitoa kofia mbele yao wote.

"Mwalimu!" msimamizi alisema.

Mwendeshaji aliichukua mkononi mwangu, akaligusa lile doa. "Ungeuliza tu, mwalimu," alisema taratibu. "Ungeuliza tu." Kisha akafunga tena aproni.

Jioni nilimwamkia mzee hospitalini, nikamweleza kila kitu nikiwa nimetazama sakafu.

"Ningekuwa na mkwe asiye na adabu," alijibu, "leo ningekuwa na vidole kumi."

Sikujua kama amenisamehe. Sijajua hadi leo.

Kanuni zangu nilizichana. Nikakaa na mafundi na mwendeshaji siku kadhaa, nikiuliza, nao wakinieleza, ndipo nikaandika upya: kila fundi awe na kufuli lake, aifunge swichi ikiwa imezimwa, ufunguo, ambao ni mmoja tu, ukae mfukoni mwake, na kabla hajaingiza mkono, mtu ajaribu kuwasha mbele yake.

Kidonda kilipopona, mzee alirudi kazini, nami nilikuwapo. Alizima swichi, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Barakashia ilikuwa kichwani, na doa lake. Mwendeshaji akasogea pembeni.

"Leo abonyeze mwalimu," alisema.

Nililivuta kufuli mara tatu. Lilikuwa limefungwa. Mzee alisimama mbali na misumeno, mikono nyuma. Hata hivyo kidole changu hakikutaka kwenda.

"Bonyeza, mwanangu," mzee alisema. "Usipojaribu, hili kufuli ni kofia nyingine tu."

Nilibonyeza. Mashine haikutikisika. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na tena ikawa kimya. Mzee aliitikia kwa kichwa, akainama, akaingiza mkono wenye kidole kifupi kati ya misumeno.

Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Lakini nililishika lile kufuli kwa mikono miwili, grisi ikiniingia kwenye mikono ya shati, nisiliachie hadi alipotoka.