Fundi Aliyenikabidhi Kuta

Vita vilipokwisha, nilipewa kumalizia mabomba na umeme katika kituo cha utafiti wa malaria kilichokuwa kikijengwa Kisauni. Fundi aliyeianza kazi alikuwa amepofuka, na kuta zilikwisha kupigwa plasta. Nilimwendea kwake Utange, nikamuuliza amepitisha nini wapi.

Asubuhi yake akaja mwenyewe, ameshikwa mkono na mkewe, akapapasa kuta chumba kwa chumba.

"Hapa usitoboe, mwanangu. Pana waya."

"Ahsante, mzee. Wallahi ningeuharibu."

Kazi ilipokwisha nilimwita. Nikafungua mfereji, mkewe akamwongoza mkono hadi kwenye maji, naye akacheka kwa sauti. Angeweza kuninyamazia. Hadi leo humwombea dua.