Siku Mama Mkwe Alipomdunga Jogoo Sindano Yangu

Jamani, aibu hii niliitengeneza mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu, kwa hiyo msinihurumie sana. Mpaka leo nikienda sokoni kununua mboga kuna mama mmoja huniuliza, "Ayuma, jogoo ameshazaa?" na mimi nacheka kama mtu aliyezoea, lakini shingo yote inawaka moto.

Mimi na Ambrose tulikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto. (Sitawaeleza tulivyopimwa, nyinyi mnapenda kujua mno, toshekeni na kujua kwamba mayai yangu hayakuwa yakikomaa.) Daktari mmoja mjini Kakamega akaniandikia sindano za homoni, zimejazwa dawa tayari, za kujidunga mwenyewe tumboni kila jioni saa moja, siku kumi mfululizo, kisha nirudi apige picha aone kama mayai yamekua. "Ukiruka hata moja," akasema, "huenda tukaanza upya." Na sisi tulikuwa tumeuza ndama wetu wa pekee kwa ajili ya sindano hizo, kuanza upya tungeanza na nini?

Sasa sindano zile zinataka friji, na katika boma letu friji ni moja tu, ya mama mkwe, kwenye nyumba ya mbele. Mama Ambrose namheshimu sana, lakini ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kanisa, na jambo likiingia sikioni mwake Jumamosi, Jumapili linaombewa kwa jina. Mimi nisimamishwe mbele ya watu niwekewe mikono tumboni? Thubutu! Kwa hiyo alipofungua friji akaniita, "Ayuma mwanangu, na hii kaboksi ni ya nini?" nilijibu bila hata kufikiri:

"Chanjo ya kuku, Mama."

(Watu hujidunga sindano za kisukari kila siku, wazo hilo lilinijia wiki nzima baadaye, nikiwa nimeshaaibika.)

Na uongo wenyewe nikauchagua vibaya, kwa sababu kwetu mgeni asiyechinjiwa ingokho, yaani kuku, atarudi kwao akisema hakupokelewa, kwa hiyo jambo la kuku si la mzaha. Mama alifunga friji polepole, kwa heshima. Baada ya siku tatu akaniuliza, "Mbona unachukuanga moja moja kila jioni?"

"Nachanja kuku mmoja kwa siku, Mama. Wakichanjwa wote pamoja wanachoka."

"Ehee," akatikisa kichwa. "Umesoma wewe."

Kumbe siku zile zile ugonjwa ulikuwa umeingia kijijini, kuku wa majirani wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, lakini wangu kumi na wawili wakabaki wanachakura tu. (Nilikuwa nimewafungia kwenye banda ili wasile sukuma wiki ya Mama bustanini, basi, hakuna muujiza hapo.) Mama aliona ni ushuhuda wa chanjo yangu.

Jumamosi, siku ya nane, nikaenda mjini kusuka nywele. Kurudi saa tisa nakuta boma limejaa: ndiyo ilikuwa siku ya kikundi, wamama kumi na mmoja wamekaa uani, na kila mmoja amepakata kuku wa kuchanjwa. Juu ya meza, kando ya thamosi ya chai, kaboksi kangu. Mama amekunja mikono ya gauni, ameshika sindano moja iliyokwisha, na katibu wao, Mama Rispa, amemkumbatia jogoo mwekundu wa Mama, jogoo ametoa macho.

"Huyu hapa daktari wetu!" Mama akashangilia. "Nimeanza na huyu wangu nione kama mkono bado unajua. Kuja umalizie mwenyewe, lakini naona ziko mbili tu, hizi zingine tutapatanga wapi?"

Nilikuwa nimeacha tatu. Ya nane, ya tisa na ya kumi. Na wakati nimesimama pale nahesabu kama mjinga, mama mwingine ameshamshika kuku wake mweupe mapaja, na Mama anavua kifuniko cha sindano ya pili.

"Mama, wacha! Hiyo ni yangu!"

"Tunajua ni yako," Mama Rispa akanituliza, "tutakurudishia."

"Hapana! Ni yangu mimi, ya mwili wangu! Ni ya kutafuta mtoto!"

Na kwa sababu niliona bado wananitazama tu (na kwa sababu homoni zile zilikuwa zinanifanya nilie hata nikiambiwa chai iko tayari), nikapandisha blauzi mbele ya kikundi kizima, wakaona alama saba za sindano na mahali pawili palipovilia damu. Mama akatazama tumbo langu, akatazama sindano, kisha akamgeukia jogoo.

"Kwa hivyo," akasema, "nimedunga jogoo dawa ya mtoto?"

"Na huyo sasa ataliwa?" mama mwenye kuku mweupe akauliza, kwa nia njema kabisa, nawaapia. Basi ndipo kicheko kikapasuka, wamama wanashikana mabega, kuku wanapiga kelele, na mimi katikati nalia kwa sauti na nywele zangu mpya.

Mama hakucheka. Alirudisha kifuniko, akarudisha kaboksi kwenye friji mwenyewe, akawaambia wenzake waende nyumbani (bila sala ya kufunga, jambo ambalo sijawahi kuona), kisha akaniambia, "Twende kwa huyo daktari kabla hajafunga."

Kliniki ilijaa wanandoa, wote wanatazama sakafu kama ilivyo desturi ya pale. Nikamnong'oneza nesi kwamba sindano moja imepotea. "Imepotea aje?" akauliza, na kabla sijatunga jibu, Mama akasema kwa sauti yake ya kanisani:

"Haikupotea. Mimi ndiyo nilidunga jogoo."

Watu waliacha sakafu. Mzee mmoja alicheka mpaka mke wake akampiga mgongoni. Nesi akauma midomo, akauliza jogoo anaendeleaje, Mama akamjibu, "Ako tu sawa, anakula." Tukapewa nyingine, na tukaambiwa zile mbili hazijaharibika.

Tulipokuwa tukingoja karatasi, Mama akasema bila kunitazama, "Ungeniambia."

"Niliogopa mtaniombea kwa jina."

"Ayuma, mimi nilikaa kwa hii boma miaka minne kabla ya Ambrose. Waliniitanga mgumba nikiwa nawapakulia chakula." Akakunja leso yake magotini. "Mimi pia sikuwa na mtu wa kuambia."

Nilimshika mkono, akauacha hapo.

Siku kumi zikakamilika, na najua mnataka niwaambie ni mapacha. Mwezi ule mimba haikushika. Nilijua asubuhi moja mapema, Ambrose bado amelala, nikasimama mlangoni nikitafuta cha kusema iwapo Mama angeuliza mbona macho mekundu, na uongo ukaja wenyewe, mwingi na mzuri: moshi, mafua, kitunguu. Nikauacha wote. Nikaenda moja kwa moja jikoni kwake nikasema, "Mama, haikushika."

Aliepua sufuria, akasogea kwenye benchi nipate pa kukaa. Hakuomba, hakuuliza. Tulikaa mpaka kukapambazuka vizuri, ndipo akasema nikanawe uso.

Nimeapa sitamdanganya tena mama yule, hata kwa jambo dogo. Mwezi ujao tunaanza upya, kwa pesa aliyotoa Mama, na Ambrose nilimwambia asijisumbue kujifunza kunisaidia nikijidunga, kwa sababu Mama ameshasema yeye ndiye atakayekaa nami saa moja kila jioni.