Sweta la Vishona Nguo

Ilianza Jumatano saa kumi na moja jioni, na ninaandika haya uso ukiwa bado wa moto kwa aibu, ingawa (niseme ukweli) tangu jana nimeshacheka mwenyewe mpaka shangazi ameniuliza kama naumwa.

Madam Neema wa Baiolojia alikuwa ametuagiza sisi wa kidato cha pili tulete mbegu zinazosambazwa na wanyama, tuzibandike kwenye karatasi ya manila, na kwa ile sauti yake ya upole inayotisha kuliko ukali akasema, "Asiyeleta atasimama mbele atufundishe yeye." Jamani, mimi hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni naona aibu, kusimama mbele ya darasa zima si ndiyo kufa kwenyewe! Kwa hiyo mbegu nilizitaka kweli. Tatizo ni uvivu. Nyuma ya nyumba ya shangazi hapa Kilosa kuna kishamba kimejaa vishona nguo, zile mbegu nyeusi nyembamba zinazong'ang'ania sketi ukipita, na badala ya kuchuma moja moja kama watu wenye akili, nikavua sweta la shule, nikalifunga kamba, nikaliburuta majanini kama mbuzi aliyegoma kwenda mnadani. Likarudi kama nungunungu. Nikafurahi, nikalitia kwenye mfuko, nikajisemea nitabandua shuleni wakati wa mapumziko.

Asubuhi mvua ikanyesha. Getini nikamkuta Sir Mbwana, mwalimu wa zamu.

"Shikamoo, Sir."

"Marahaba. Sweta liko wapi?"

"Liko kwenye mfuko, Sir."

"Mfuko ndio unasikia baridi? Vaa!"

Hapo nilitakiwa kusema kitu kimoja tu, Sir hii ni homework, basi, yangeisha. Mdomo ukagoma. Nikavaa (linachoma hilo, usiombe), nikakimbilia paredi. Rafiki yangu Rehema akanitazama juu mpaka chini: "We Mwajuma, umelala na nyati mbugani Mikumi?" Akaniangukia kwa kicheko, na alipoinuka mbegu za bega zima zilikuwa kwenye ushungi wake. Mstari ukasukumana, kila aliyenigusa akaondoka na zake, Sir Mbwana naye akanishika kuninyoosha kwenye mstari, akabeba fungu zima kwenye koti, na mimi nikabaki kuangalia homework yangu inatembea uwanjani bila mimi. Mapumziko yalipofika nilikuwa nimebakiwa na vishona nguo vichache vya kuonea huruma.

Kipindi cha Baiolojia, Madam akauliza kazi yangu iko wapi.

"Madam, kazi yake tumeivaa sisi!" akasema Rehema.

Darasa likaangua kicheko. Madam akajikagua sketi, akakuta na yeye kavaa, sijui kaambukizwa na nani.

"Mwajuma, njoo mbele."

Nikaenda, nikashika meza. Nikaanza kwa Kiingereza, neno la tatu likanipotea. Madam akasema taratibu, "Leo sema Kiswahili, mwanangu." Nikavuta pumzi, nikaeleza kwamba mbegu hii ina miiba midogo kichwani, inashika manyoya ya mnyama, inapelekwa mbali na mmea wake, inadondoka, inaota, na kwamba mnyama mwenyewe leo ni mimi. Wakacheka tena, lakini safari hii sikutamani ardhi ipasuke. Madam akanipa alama zangu, kisha akasema mnyama huyo abandue mbegu zote kwenye nguo za watu kabla ya kengele ya mwisho. Nikabandua, hata za Sir Mbwana, nimeinama nyuma yake ofisini huku walimu wakinywa chai na kunicheka.

Nimeapa: nikiulizwa nitajibu palepale, hata kama sauti itatetemeka. Na leo asubuhi Sir wa Kemia alipouliza nani hajafanya maswali ya juzi, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

"Mimi, Sir. Nilisahau."

Nikapewa ufagio, nikafagia maabara mpaka chini ya makabati, kwa raha zangu.