Msalaba Uliopita Njia Kuu

Harufu ya msaji uliorandwa sasa hivi bado hunirudisha karakanani kwa baba, Amu, kisiwani Lamu, miaka ya hamsini, nikiwa msichana mdogo mwenye maranda kichwani na ulimi usiotulia. Baba alikuwa fundi wa milango. Mawaridi na minyororo aliyoichonga niliijua kwa vidole kabla sijajua kusoma.

Siku moja akaja Bi Marita, mjane wa askari polisi kutoka Taita. Mumewe alikufa kwa homa, akazikwa na wenzake wawili watatu tu, na yeye alikuwa arudi kwao kwa chombo kinachofuata. Alitaka msalaba, kaburi lisije likapotelea mchangani.

Mimi msalaba niliujua kama alama ya kujumlisha. Baba naye akachora mikono minne iliyo sawa. Bi Marita akachukua chaki, akaurefusha mguu. Akasema iko misalaba ya mikono sawa, na iko yenye ncha za maua aliyoiona kwa Wagoa, lakini kwao hutumia huu wa mguu mrefu, kwa sababu ndivyo ulivyosimikwa ardhini, na Yesu akainyoosha mikono yake juu yake. Baba alimsikiliza kwa adabu.

"Sisi hatuamini kuwa Nabii Isa alisulubiwa, Bi Marita," akamwambia. "Lakini mume ni wako, na kaburi ni lake. Tautengeza."

Habari zikaenea. Bwana Athmani, aliyeagiza mlango wa nyumba yake mpya, akaja amefura. "Fundi, ukiutoa msalaba hapa, mlango wangu hutaugusa!" Na mlango ule ndio uliokuwa utulishe mwaka mzima. Mama akashauri tuufunike kwa mkeka, punda aupitishe pwani.

"Sifiti kazi yangu," baba akasema. "Utapita mtana, ndia kuu."

Ulipokwisha, akaubeba begani mchana kweupe. Bi Marita akafuata akilia, nami nikamshika mkono, ingawa kwetu wanawake hawasindikizi maziko. Shangazi alinikodolea macho kutoka dirishani. Na mimi nikamkodolea.

Kwetu jeneza likipita, aliyeketi husimama. Basi wazee wa barazani, kuona mbao begani na kusikia kilio nyuma yake, wakainuka wote bila kufikiri, "Inna lillahi" midomoni. Ndipo wakaona ni nini. Wengine wakaketi tena kwa hasira, mmoja akatema mate. Muuza kahawa akabaki amesimama, buli mkononi, mpaka tukapita. Baba hakuharakisha hata kidogo.

Mlango ulikwenda kwa fundi mwingine, nasi tukala muhogo mpaka nikauchukia. Nilijivuna hata hivyo, nikidhani baba alitaka tu kumkomoa Bwana Athmani. Na kama ingekuwa hivyo, ningejivuna vilevile.

Lakini nilikuwa mtu mzima, siku jeneza la baba mwenyewe lilipopita na baraza zote zikainuka, ndipo nilipoelewa kwa nini alichagua njia ile. Yule askari alizikwa bila baraza hata moja kumwinukia. Baba alijua kwamba miguu yetu ingesimama kabla nyoyo zetu hazijapata nafasi ya kukataa.