Tulipomwacha Mama Tuwan

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwaka. Sikusoma sana, na kuna siku najiuliza kama akili yangu iko sawa. Kwa hivyo nitaeleza tu nilichoona, na pale ambapo sina hakika nitasema sina hakika.

Mama yetu alikuwa na ploti Tuwan, hapa Kitale. Vyumba vinane vya kupangisha, na yeye mwenyewe alikaa kile cha pembeni, karibu na bomba. Alivijenga kwa kuuza mitumba, chumba baada ya chumba. Alipofariki hospitalini Bungoma tulimzika nyumbani, Kimilili, tukakifunga chumba chake. Halafu dada yangu Nasimiyu, anayekaa Bungoma, akaugua figo. Akaniambia, "Uza ploti nitibiwe. Mama mwenyewe angeuza." Alikuwa na haki. Mimi ndiye nilijivuta, kwa sababu kodi ya vile vyumba ndiyo inasomesha watoto, wake na wangu. Lakini mgonjwa utamwambia nini? Nikapata mnunuzi, mwalimu mmoja wa Saboti.

Siku ya kuja kuona, nilitangulia. Nikakuta mwanamke anaanika nguo, amenipa mgongo. Nikadhani ni mpangaji, nikamsalimia.

"Shati yako imetoka nje tena," akasema bila kugeuka. "Mtu mzima na ndevu, na bado unavaa kama umefukuzwa na ng'ombe."

Niamini, nikaanza kuichomeka shati. Ni mtu mmoja tu duniani aliyekuwa akinisema hivyo. Na nguo aliyokuwa anakamua ilikuwa leso ya manjano, ile tuliyomzika nayo. Maji yalikuwa yanatiririka, lakini chini vumbi lilibaki vumbi.

Niseme ukweli wote: asubuhi nilikuwa nimemeza dawa ya homa, na sikuwa nimekula kitu.

"Mayi," nikamwita, vile kwetu tunaita mama, "si tulikuzika?"

"Mlipeleka sanduku. Mimi mlinipigia hodi lini?"

Hapo nikaelewa. Kwetu mtu akifia mbali na alikokuwa anakaa, gari la maiti hupitia kwanza mlangoni pake. Mnabisha, mnamwita kwa jina, mnamwambia haya, twende nyumbani. Siku ile mvua ilikuwa kubwa, wazee walikuwa wanangoja Kimilili, na kupitia Kitale ni kuzunguka. Dereva aliniuliza. Mimi ndiye nilisema tunyooshe tu. Dereva hana makosa.

Nikamweleza habari ya Nasimiyu na ya yule mwalimu. Akaitundika leso kwenye kamba.

"Maskini mtoto wangu," akasema. "Basi uza. Lakini huyo mwalimu umwambie ananinunua pamoja na nyumba."

Geti likalia, nikageuka. Mwalimu alikuwa anaingia. Nilipoangalia tena, kamba ilikuwa tupu. Nikamshukuru Mungu, nikajiambia ni dawa tu. Mwalimu akanipa mkono, akauliza, "Na yule mama aliyekuwa anafua ameenda wapi? Nimemsalimia kutoka barabarani, akakataa hata kuniitikia."

Sasa wewe ungefanya nini? Karatasi za kuuziana alikuwa nazo kwenye bahasha. Ningenyamaza, dada yangu angetibiwa. Lakini mwalimu pia ni mtu na ana watoto. Nikamwambia yote.

"Ati nini?" akacheka. "Bana, si useme tu unataka kuongeza bei!" Halafu akaitazama ile kamba, kicheko kikakatika. Hakumaliza kuona vyumba.

Maneno yakatembea. Wapangaji wakahama mmoja mmoja, wengine wakiniaga kwa heshima, na siwalaumu. Mnunuzi mwingine hajatokea. Kwa hivyo sikuuza, na hata siwezi kusema nimebaki na ploti, kwa sababu ploti bila watu ni kuta tu.

Nilimleta khocha, ndugu wa mama. Tukabisha pale chumba cha pembeni, tukamwita kwa jina lake kamili, tukaomba msamaha. Sauti ikajibu kutoka ndani, polepole, bila hasira: "Ngojeni nguo zikauke kwanza." Tukakaa kwenye ngazi mpaka jioni. Hakutoka. Khocha anasema labda ilikuwa sauti ya jirani. Labda. Lakini mbona yeye hataki kurudi huko?

Nasimiyu bado anapelekwa kusafishwa damu, na kila nikimwona amepungua. Aliniambia, "Ulimhurumia mgeni, ndugu yangu. Na mimi je?" Nimelifikiria hilo swali miezi na miezi.

Wewe unayesoma, siku utakapombeba mtu wako, usikubali mvua ikuharakishe. Pitia kwake. Bisha, umwite, ungoje mpaka moyo wako ujue ameingia kwenye gari. Na kama ulishapita bila kusimama, usije kwangu kutafuta dawa. Sina.