Debe la Mama Mkwe

Herman alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kahama. Miaka ile, kabla ya Uhuru, alibeba mchele na abiria hadi machimbo ya Geita, na watu walidhani dereva anakula raha. Raha ipi? Mtu mzima analala chali mavumbini, grisi mpaka masikioni, halafu akifika anaulizwa kwa nini amechelewa. Hilo la kuulizwa ndilo lililomchosha kuliko yote, maana mwulizaji mkubwa alikuwa Bernadina, mchumba wake wa Kalangalala, hukohuko Geita.

Ndoa yao ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza springi ilikatika mbugani. Mara ya pili tajiri alimgeuzia safari, akafuate pamba Shinyanga. Na padri hakukaa pale kigango cha Kalangalala. Alikuja siku moja moja, akasoma misa, akafungisha ndoa mpaka adhuhuri, kisha huyo, na pikipiki yake, kwenda kigango kingine. Bernadina si mtu wa maneno mengi. Alimwambia tu, "Herman, ipo mara ya tatu. Ya nne haipo."

Basi siku ya mara ya tatu Herman alitoka Kahama kabla ya jogoo, suti imekunjwa nyuma ya kiti. Pembeni yake alikaa mzee Kalisti, mwuza mchele, abiria wake wa siku zote. Nusu ya njia lori lilikwenda bila kinyongo. Petroli ya tangi ilipopungua alisimama, akamimina debe lake la akiba. Siku zote alichuja petroli kwa kipande cha ngozi laini, inayopitisha mafuta na kuzuia maji. Siku hiyo alitazama jua, akaiacha ngozi ndani ya kisanduku. Haraka haraka haina baraka, yeye mwenyewe aliwahubiria madereva wenzake kila siku.

Hawakwenda mbali. Lori lilikohoa, likashtuka, likakohoa tena, likazima katikati ya mbuga. Herman akazungusha hendeli ya kuwashia mpaka akachoka. Kimya. Akafungua kabureta, na humo akakuta maji, maji kabisa, yanameremeta chini ya petroli.

"Yule mwuza petroli ni mwizi," alisema. "Ameniwekea maji kwenye pipa. Nikirudi Kahama atanitambua."

Akamtukana mwuza petroli, akamtukana baba yake, akaanza kumpandia babu. Kalisti alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tairi, anatafuna muwa.

"Mwanangu, tangini ulijaza petroli ya wapi?"

"Ya pipa lilelile."

"Na ndiyo imetufikisha hapa bila kukohoa. Basi pipa lina kosa gani? Tazama debe lako."

Herman akalitazama. Lilikuwa linang'aa. Debe la petroli, linang'aa namna ile, limepata wapi usafi huo? Hapo akakumbuka, akakaa chini.

Alipokwenda Kalangalala safari iliyopita, mama yake Bernadina, jina lake Mbuke, aliliazima debe hilo tupu ateke maji ya wageni. Alilirudisha siku ya kuondoka, limefunikwa, akampa kwa mikono miwili. Herman alisikia kitu kinachezacheza ndani. Lakini mkwe hakodolei macho kitu anachopewa na mama mkwe. Kukifunua mbele yake ni kumwambia hujui kuosha. Akalipokea ameinamisha kichwa, akashukuru, akalipakia. Kahama akajaziwa petroli juu kwa juu bila kuchungulia. Na kwao Mbuke, kama kwao Herman, chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukikosa unga, unaweka hata maji kidogo, safari ya mwenyewe iwe na baraka.

Baraka hizo sasa zilikuwa tangini. Alilala chini ya gari, akatoa petroli yote, akaichuja kwa ile ngozi kidogo kidogo huku jua linampita kichwani. Alikasirika mpaka akataka kulia. Angemlaumu nani? Mwuza petroli angalau anatukanika.

Walipofika Kalangalala jua lilikuwa linashuka. Padri alikuwa ameondoka. Wageni walikaa vikundi vikundi, wanaongea kwa sauti ya msibani. Bernadina alikuwa mlangoni kwao na shela kichwani, na mama yake nyuma yake.

"Sema," Bernadina alimwambia.

Njia nzima Herman alikuwa ameyapanga maneno. Akamwona Mbuke, yakamkwama. Angesemaje mbele ya wageni wote kwamba mama mkwe ndiye aliyeharibu harusi?

"Petroli ilikuwa mbaya," alisema. "Sikuichuja. Kosa ni langu."

Bernadina akaanza kufungua shela, taratibu, pini moja baada ya nyingine. Mbuke akaona mambo yanaharibika, akasema huku ameangalia pembeni, "Usimkasirikie mwenzio. Mimi mwenyewe nilimwekea maji ya baraka kwenye debe, nalo nililisugua vizuri kwa majivu. Sijui njia imemkataa kwa nini."

Mkono wa Bernadina ukasimama. Alikuwa amekulia karibu na malori ya machimbo, alijua maji yakiingia kwenye petroli yanafanya nini.

"Debe lipi, mayu?" alimwuliza mama yake.

"La gari lake."

Bernadina akamgeukia Herman. Herman alikuwa anatazama miguu yake, kama inavyompasa mkwe.

"Ulijua?"

"Nimejua njiani."

"Na ungeniacha nivue shela, ukanyamaza?"

Herman akazidi kuinamisha kichwa, maana mama mkwe alikuwa bado amesimama palepale.

Bernadina akazirudisha pini, moja moja. "Kesho padri yuko kigango cha pili," alisema. "Tutakwenda kwa miguu. Lori lako silipandi."

Alfajiri wakaondoka. Herman alikuwa mbele na suti kichwani, bado ana hasira, na wageni wakimtania kwamba leo dereva anaendesha viatu. Nyuma alikuja Mbuke na maji ya njiani, kwenye debe lilelile. Walipopumzika alimtekea kwanza mkwewe, akampa kata kwa mikono miwili. Maji yalinuka petroli. Herman akainamisha kichwa, akayanywa yote, akashukuru.