Lenzi Iliyolala Kwenye Mchele

Tarehe tisa Juni tulimzika baba, pale Iyunga, asubuhi yenye ukungu mzito hata waliosimama upande wa pili wa kaburi niliwatambua kwa sauti zao tu. Siku chache baadaye tukagawana vitu vyake, na havikuwa vingi. Mdogo wangu wa kiume alichukua redio. Mimi nikapewa kamera, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Dada ndiye aliyeiua," mdogo wangu akatania, "acha dada aifufue."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachozimwa haraka. Nami nikacheka. Ilikuwa kweli, mimi ndiye niliyeiua. Hivyo ndivyo nilivyojua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Basi tukakubaliana kwamba siku ya arobaini picha ya familia ipigwe kwa kamera ya baba. Mdogo wangu, anayekaa Dar, akasema atatafuta mkanda wa filamu na kuutuma kwa basi. Kazi yangu ilikuwa moja, kupeleka lenzi kwa fundi, itengenezwe.

Usiku ule nilipofungua mfuko wa turubai, harufu ya mchele ilinifikia kabla sijaigusa kamera. Miaka yote hiyo, bado mchele.

Ngoja nikueleze. Baba alikuwa mpiga picha wa kutembea. Alikuwa na kamera moja, lenzi moja, na shuka la bluu lililochorwa maua, ambalo wateja walisimama mbele yake. Jumapili alikuwa kanisani kwenye ubatizo na kipaimara. Msimu wa mavuno alikwenda Ubaruku, kwa sababu mkulima akishavuna mpunga hupenda kupigwa picha amekaa juu ya magunia yake, mke pembeni, watoto wamepangwa kama ngazi. Alirudi kutoka huko na vumbi la pumba kwenye nyusi, na kimfuko cha mchele mpya ambao ukichemka jikoni hata majirani walijua baba karudi.

Mbeya, wewe uliyewahi kukaa huku unajua, ni baridi na unyevu. Nguo inaanikwa asubuhi, jioni bado mbichi. Viatu vikikaa chini ya kitanda mwezi mmoja vinaota manyoya ya kijani. Mpiga picha mwenzake baba alipoteza lenzi yake hivyo hivyo, iliota ukungu ndani ikawa kama jicho la mzee. Basi bibi, mama yake baba, akatoa shauri. Alikuwa hajawahi kushika kamera, lakini alijua kuhifadhi mbegu. "Kitu kinachoogopa unyevu kilaze na kitu kikavu," alisema. Akaleta kopo kubwa la maziwa ya unga, akalijaza mchele wa Ubaruku, na lenzi ikafungwa kwenye kitambaa ikazikwa humo. Tuliuita mchele wa lenzi. Haukupikwa kamwe, hata mwaka ule tulioshindia viazi na kande miezi miwili. Lakini mchele nao hunywa unyevu, kwa hiyo kila Jumamosi ilibidi umwagwe kwenye ungo uanikwe juani, upepetwe, urudishwe koponi. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilikaa pembeni ya ungo kufukuza kuku, jua mgongoni, redio ya jirani ikiimba, na mara mojamoja nikatia punje mbili tatu mdomoni nikazitafuna taratibu. Sijui kama nimewahi kuwa mtu muhimu tena kama nilivyokuwa pembeni ya ungo ule.

Mwaka niliokuwa darasa la tano baba aliaga kwenda Ubaruku kama kawaida. Akarudi Jumatano, mapema kuliko tulivyomtegemea, bila mchele mpya. Kawaida alinipa mimi lenzi niizike. Siku ile aliizika mwenyewe, akafunika kopo, akaenda kulala. Jumamosi yake wasichana wenzangu walikuja kuniita kucheza rede, nami nikajiambia nitaanika mchana. Mchana kukawa na wingu, jioni nikasahau.

Jumapili jirani yetu alikuwa anamwoza binti yake. Bibi harusi ameshapambwa, watu wamejipanga mbele ya shuka la bluu, baba akafungua kopo mbele ya wote. Akainua lenzi kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe ndani, kama imepuliziwa pumzi na pumzi ikagoma kuondoka.

"Nani alianika mchele?" akauliza.

Angeweza kuuliza swali lolote. Nikasema, "Jumamosi sikuanika, baba. Nilikwenda kucheza rede."

Baba alinyamaza muda mrefu. Aliangalia kopo, hakuniangalia mimi. Kisha akasema, "Basi. Imeshaingia ukungu."

"Binti yangu anaolewa bila picha kwa ajili ya rede!" jirani akapiga kelele, na tangu siku hiyo mtaani nikawa yule mtoto aliyeua kamera.

Baba hakunipiga. Hata neno kali hakuniambia. Nilimpenda kwa ajili hiyo kuliko kwa jambo lingine lolote alilowahi kunitendea. Akaacha kupiga picha, akaenda kubeba magunia mashineni, kwenye kukoboa mpunga. Alikuwa mwembamba, si mtu wa magunia. Kila aliporudi akijishika kiuno nilimchemshia maji nikijua ni mimi. Nilipomaliza la saba nikachaguliwa kwenda sekondari, na nilikuwa wa kwanza kusema nibaki nyumbani nisaidie, asome mdogo wangu. Hakuna aliyenishurutisha. Baba alinitazama akasema, "Umefikiri kama mtu mzima." Sentensi hiyo niliitunza kama wengine wanavyotunza cheti. Nikajifunza cherehani, na hiyo ndiyo kazi yangu mpaka leo.

Sasa unaelewa kwa nini nilipokwenda kwa fundi wa Mwanjelwa nilikuwa nimeshaamua. Sikutaka lenzi nyingine. Nilitaka ile ile iliyopofuka kwa mkono wangu ifumbuke. Fundi huyu ni mtu mwenye maneno mengi, babu zake walitoka pwani, na anatengeneza redio, saa, chochote chenye skrubu. Alipoitikisa lenzi, punje moja ya mchele ikaanguka mezani.

"Mama, hii mliihifadhi au mliipikia pilau?"

Nikamweleza. Akacheka, akasema bibi yangu alikuwa na akili kuliko mafundi wengi. Kisha akavaa miwani yake ya kukuza, akafungua pete ya mbele kwa bisibisi nyembamba, na kicheko kikakatika.

"Nani alikwambia huu ni ukungu?"

"Baba."

"Ukungu una nyuzi, mama, unatambaa kama utando wa buibui. Huu hauna nyuzi. Huu ni moshi wa gundi, ile kali inayoshika vidole. Ukiitia ndani ya kitu halafu ukakifunika, mvuke wake unaganda kwenye kioo. Tazama." Akanipa miwani. Chini ya rangi nyeusi, iliyopakwa kwa kalamu ya wino mzito, pete ilikuwa na alama za meno ya plaizi pande zote mbili. "Hii ilianguka, tena vibaya. Ikanyooshwa, ikagandishwa. Kioo cha nyuma kimekaa upande. Hata kama mchele mngeuanika kila siku, hii ilikuwa imeshakufa kabla ya kuingia koponi."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Akaniuliza kama mimi nina uhakika na mshono wangu.

Akanipa njia mbili. Kwenye rafu yake kulikuwa na lenzi ya aina ile ile, kutoka kamera iliyokufa. Angeweza kuifunga siku hiyo hiyo. Au aisafishe hii ya baba, akwangue gundi, anyooshe pete; ingechukua wiki nzima, na isingeona vizuri kama zamani. "Lakini itakuwa ni ile ile," alisema. "Wengine wanataka ile ile." Nikamwambia anipe siku mbili.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Iringa, kwa shangazi. Ni dada yake baba, na wakati ule wa kopo alikuwa msichana anayekaa nasi nyumbani, kabla hajaolewa kwa Wahehe. Ndiye mtu mzima pekee wa nyumba ile aliyebaki. Tulipopita Rujewa niliona njia ya kwenda Ubaruku, magunia yamepangwa barabarani, nikageuza uso.

Nilimkuta uani anapukuchua maharage. Alifurahi, akaniita mwanangu, akaniwekea viazi vya kuchemsha. Nikasema, "Shangazi, lenzi ya baba ilianguka."

Mikono yake haikusimama. "Nani kakwambia?"

Hakuuliza lenzi gani, wala ilianguka lini.

"Fundi kaifungua."

Akamaliza ganda lililokuwa mkononi. "Makongolosi," akasema. "Alikwenda Makongolosi kuwapiga picha wachimbaji wa dhahabu. Pikipiki iliwaangusha njiani."

Hapo nilielewa nusu ya jambo. Kaka yao mkubwa alifukiwa kwenye shimo la dhahabu huko huko Chunya, na bibi aliapa kwamba mtoto wake mwingine akikanyaga machimbo asimwite tena mama. Baba alikuwa amemuaga kwa jina la Ubaruku.

"Angemwambia nini mama?" shangazi akasema. "Gundi niliinunua mimi mwenyewe dukani. Tulipanga aseme imechoka tu. Halafu wewe ukafungua mdomo."

"Nilikuwa mtoto."

"Ndiyo. Hatukukusingizia, mwanangu. Ulijisema mwenyewe. Na mtoto akikosa husamehewa, mtu mzima akikosa huchekwa."

Nikamuuliza kama bibi alikufa bila kujua. Akachukua ganda lingine. "Tulimwambia mwaka ule alipougua. Alilia. Akasema mtoto ameshazoea, msimchokoze."

Mwaka huo mimi ndiye niliyemwogesha bibi, na kumgeuza kitandani.

"Niliacha shule, shangazi."

"Kula viazi, vinapoa."

Nilikula. Sitakudanganya kwamba nilisusa. Nilikuwa na njaa, na viazi vya Iringa ni vitamu. Kabla ya kuondoka nikamwomba jambo moja. Siku ya arobaini, watu wakiwa wamekusanyika, aseme yeye kwa mdomo wake ilivyokuwa. Nikisema mimi itakuwa ninamsema marehemu asiyeweza kujibu. Akanisindikiza hadi barabarani akiwa amenishika mkono. Alisema, "Tutaona."

Njiani nilijaribu kumkasirikia baba nikashindwa, kisha nikajaribu kumsamehe nikashindwa pia. Nilichokuwa nacho kutoka kwake ni ule wakati mmoja aliponyamaza bila kunipiga, na sasa nimejua alinyamaza kwa sababu gani. Nyumba ile ya Iyunga imebomolewa upande mmoja kwa ajili ya barabara. Kopo sijui liliishia wapi. Watoto wa sasa hawajui ungo ni wa nini, na picha zinakaa kwenye simu. Hayo yote ningeweza kuyaona yakipotea bila kulia sana, kama ningebaki na ule wakati mmoja.

Nilirudi kwa fundi. "Weka hiyo ya rafuni," nikamwambia.

"Na hii ya mzee?"

"Vua unachoweza kutumia."

Alinitazama, safari hii bila utani, akaanza kufungua. Kioo cha mbele kilikuwa kizima. Alikipangusa kwa shati lake akakitia kwenye bakuli lenye vioo vingine, na baada ya muda mfupi sikuweza kusema kipi kilikuwa cha baba.

Siku ya arobaini jua lilitoka mapema. Mchungaji aliomba, tukala, kisha tukapanga viti mbele ya ukuta uliobaki. Shangazi alikuwa amekuja tangu jana yake na tulipika pamoja, tukaongea habari za chumvi na kuni. Kama mkubwa wa familia akakaa katikati, mstari wa mbele. Mimi nilisimama nyuma ya kamera, kwa hiyo kwenye picha hiyo simo. Nilipoinamisha jicho, mtoto wa mdogo wangu, binti wa miaka tisa, akaniuliza mimi kwa sauti ya kusikika na wote, "Shangazi, kamera ya babu iliharibikaje?"

Wachache walinigeukia mimi, na mdogo wangu akaanza kutabasamu. Mimi sikuwatazama wao. Nilimtazama shangazi kupitia lenzi, nikazungusha pete mpaka uso wake ukatulia, mikunjo na yote, na midomo yake nikaiona ikifunguka. Nikangoja. Sijui niliwangojesha kwa muda gani. Mtoto mmoja alianza kulia akabembelezwa.

Shangazi akaweka sawa kitenge begani.

"Piga, mwanangu," akasema. "Jua linatuchoma."

Nikapiga.